Barua ya Masikio

Matonya alikuwa amekwisha kulipita shamba la uwele la jirani wa mwisho, fimbo begani, barua kiunoni ndani ya kipande cha mwanzi, na mkewe alikuwa bado anampigia kelele.

"Baba Sila! Kibuyu cha maji umekiacha!"

Akarudi. Hiyo ilikuwa mara ya tatu kurudi asubuhi ile. Mara ya kwanza alirudi kwa ajili ya ugoro, mara ya pili kwa ajili ya barua yenyewe. Mtu aliyekwenda Tabora na kurudi mara saba na mizigo ya wenyewe begani, asiangushe hata pembe moja ya ndovu, siku hizi kutoka Miyuji tu kulikuwa kunamshinda.

Loisi alimpa kibuyu, ila upande wake hakuuachia. "Bahi utafika?"

"Nitafika."

"Basi rudi na ng'ombe."

Matonya alitazama kilima, akatazama mbuzi, akatazama kibuyu. "Mama Sila, mimi nakwenda kwa shauri la chuo."

"Chuo hakijachimbwa hata shimo la nguzo. Ng'ombe wapo, wamesimama, wanakula nyasi. Mzee Chilongani kasema mavuno yakiisha hajaona mahari, Yudith wake anaolewa Hombolo. Mwanao jana kala bonge moja la ugali, mlenda wote kaniachia. Kumi na mmoja ulisema mwenyewe mbele ya wazee. Lete wanane, watatu wabaki huko huko kwa Marko."

"Huenda mbuga ina maji, wasipite."

"Kiangazi hiki?"

Matonya akachukua kibuyu akaenda zake, safari hii haraka, kama mtu anayeogopa kukumbuka kitu kingine.

Ukweli aliokuwa nao, na ndio mzigo pekee ambao hakupata kuutua katika maisha yake, ulikuwa huu: Bahi alikuwa na ng'ombe mmoja. Mtamba mwekundu, alimnunua kwa ujira wa safari yake moja, akamkabidhi rafiki yake Marko amtunzie. Hakufanya ajabu. Mgogo haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Huwatawanya kwa marafiki, mmoja huku, wawili kule, ugonjwa ukija usiwamalize na jicho la jirani lisiwahesabu. Kwa hiyo mwenye zizi lililojaa huenda anachunga vya watu, na mwenye zizi tupu huenda ndiye tajiri, na kuuliza ni utovu wa adabu.

Hakuna aliyeipenda desturi hiyo kama Matonya. Mwaka wa kwanza mtamba wake alizaa, mdomoni mwa Matonya. Mwaka wa tatu akazaa mapacha, siku hiyo palikuwa na pombe. Miaka kumi na miwili ikapita, na kundi likafika kumi na mmoja bila kuugua wala kupotea hata mmoja, maana mahali walipokuwa wakilishwa hapakuwa na kiangazi.

Shauri la chuo lilianzia kwa Anyesi, mjane wa nyumba ya pili. Anyesi alikuwa na karatasi yake ya kodi, kaihifadhi ndani ya kibuyu cha chumvi. Askari walipokuja kukusanya kodi aliitoa kwa madaha. Kumbe ilikuwa karatasi ya duka la Mhindi, ya dhiraa nne za kaniki. Alipelekwa kuponda kokoto za reli mwezi mzima, bibi wa wajukuu sita.

Kijiji kizima kilikuwa kimeikagua karatasi ile mwaka mzima na kuipitisha kuwa ni nzuri. Na aliyeisoma alikuwa Matonya. Ndiye aliyekuwa msomi wa Miyuji. Herufi alifundishwa na watu wa misheni, A mpaka M, lakini kabla ya N msafara ukaondoka na yeye ndani yake. Za Kiarabu alionyeshwa na mnyapara mmoja wa pwani, sita hivi, njiani, kwa kuchora mchangani. Kwa elimu hiyo alikuwa ameishika karatasi ya Anyesi, akakunja uso, akasema, "Kodi hii. Imelipwa."

Anyesi alipotoka kwenye kokoto mikono imepasuka, Matonya hakulala vizuri. Ndipo akaanza kusema, kila penye pombe na kila penye msiba, kwamba Wagogo waombe chuo chao. Chuo cha kazi za serikali, papa hapa Dodoma palipofika gari moshi, watu wafundishwe ukarani, ualimu, utarishi na uakida, ili anayeandika jina la Mgogo bomani awe Mgogo. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Wenzake wawili walijitolea pamoja naye. Mmoja akakumbuka ana palizi, mwingine akakumbuka ana mke. Alibaki peke yake, akajiita wajumbe.

Na hatusemi kwamba Sila hakuwamo katika hesabu. Chuo kikisimama, Sila angekuwa karani. Karani ana mshahara. Mshahara hununua ng'ombe. Ng'ombe wangeingia zizini, na uongo wa miaka kumi na miwili ungekuwa ukweli bila mtu kujua. Matonya alipenda nchi yake kwa moyo safi, lakini alikuwa na haraka nayo.

Kichwa cha barua aliandikiwa na Zaidi, karani wa boma, Mrangi wa Kondoa aliyesomea pwani. Zaidi alichukua jogoo mmoja, akaandika mistari minne mizuri, akaacha nafasi kubwa chini. "Hapo watie sahihi, mzee wangu. Bila sahihi hii ni barua ya jogoo."

*

Kijijini Kigwe wazee walimpokea vizuri. Walimsikiliza mpaka mwisho, jambo lililompa wasiwasi, maana nyumbani hakulizoea.

"Chuo kizuri," alisema mmoja wao, mzee mwenye masikio yaliyotobolewa na kuvutwa mpaka karibu na mabega. "Sasa unataka nini kwetu?"

"Sahihi. Kila mtu aweke alama yake hapa."

"Alama gani? Kidole? Walichovya vidole watu wa reli, na mpaka leo hawajarudi."

"Si kidole."

"Basi tuandike nini? Wewe unajua kuandika jina langu?"

Jina la mzee lilianza na S. Matonya alikohoa. Na hapo, akiwa amekwama, akapata wazo ambalo kwa muda wa siku nne aliliona kuwa bora kuliko yote aliyopata kuwa nayo.

"Wazee, ng'ombe wako akipotea, anajulikanaje kuwa ni wako?"

"Kwa sikio."

"Basi weka sikio. Mkato wa ng'ombe zako. Serikali ikiuona itajua ni wewe na si mwingine."

Wazee walitazamana. Ilikuwa kweli. Kila ukoo una mkato wake, na kila mwenye mali huongeza kijikato chake juu yake, na mtoto wa miaka mitano anayechunga anaijua mikato ya nchi nzima. Walicheka kwa furaha, wakaagiza mkaa. Mzee wa masikio marefu aliushika mkaa kama anashika kisu, akainama kwenye karatasi, halafu akasimama.

"Anaanza mwenye shauri," akasema. "Huwezi kutuingiza sisi mlangoni wewe umesimama nje. Weka la kwako juu kabisa."

Matonya aliushika mkaa. Mtamba wake alikuwa na mkato mmoja tu, wa ukoo, kama wa ng'ombe wa mtoto yatima. Watu wanane walikuwa wamemwinamia wakisubiri kuona sikio la mwenye kumi na mmoja. Akachora sikio kubwa. Akatia mikato miwili, mmoja juu na mmoja chini. Akatazama, akaona bado maskini; akaongeza tundu katikati.

"Lo," alisema mzee. "La kitajiri."

"Ni la zamani," alisema Matonya.

Akaenda hivyo kijiji kwa kijiji. Watu ambao mwaka jana walijificha porini wakiona karatasi, safari hii waligombania nafasi. Wawili walitaka kupigana kwa sababu sikio la mmoja lilichorwa chini ya la mwenziwe. Alipoingia Bahi alikuwa na masikio arobaini na mawili, na alitembea kama mtu anayeswaga kundi.

*

Marko alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya chini, mtunzaji wa vitu vya watu. Walisalimiana mbukwa nyingi, za wao, za watoto, za mifugo. Salamu zilipofika kwenye mifugo Marko alizidi kushusha sauti.

"Alikufa," akasema. "Mwaka ule wa homa. Nilituma maneno mara mbili. Mara ya kwanza walisema uko Ujiji. Mara ya pili walisema uko Miyuji lakini una wengi, huyu mmoja hutamsikitikia."

"Hakuzaa?"

"Hakuzaa, rafiki yangu. Hata dume hakumpenda."

Marko aliingia ndani akatoka na ngozi. Mchunga ng'ombe wa watu lazima aonyeshe ngozi ng'ombe akifa, asije akasemwa kamla. Marko alikuwa ameitunza miaka sita: mkia upo, masikio yapo, manyoya bado mekundu. Matonya aliipapasa. Sikio la kushoto lilikuwa na mkato mmoja.

Kisha Marko akaombwa aweke alama yake kwenye barua. Aliitazama kwa muda mrefu, kidole kikapanda mpaka juu.

"Hili la nani?"

"Langu."

Marko alitazama ngozi, akatazama karatasi. "Umeongeza."

"Nimeongeza."

"Na tundu pia."

"Na tundu pia. Weka lako, Marko, jua linakwenda."

Marko aliweka lake, dogo, pembeni kabisa. Matonya alikunja ngozi akaifunga kwa kamba, akarudi nayo Dodoma mgongoni. Miaka yote ya upagazi alibeba mali ya watu. Huo ndio ulikuwa mzigo wake wa kwanza wa mali yake mwenyewe, na haukuwa mzito.

*

Siku ya baraza uwanja wa boma ulijaa. Waliotia masikio walifuata barua yao mpaka kutoka Kigwe, maana kila mmoja alitaka kuona serikali itakavyolipokea lake. Anyesi alikuja, akakaa mbele. Mzee Chilongani naye alikuja, akitembea taratibu, mtu mwenye zizi la ng'ombe thelathini. Yeye hakutia alama, alisema mwenye ng'ombe wengi hana haja ya kujichora.

Bwana Mkubwa, Mjerumani wa boma, alizungumza Kiswahili cha kuamrisha, maneno yamesimama wima kama askari wake.

"Hii nini?"

"Raia wanaomba chuo, bwana," alisema Zaidi. "Cha kufundisha watumishi wa serikali."

"Na hii? Wadudu?"

"Sahihi zao, bwana."

"Sahihi! Ya nani? Kila mtu aje, aonyeshe yake."

Zaidi akaitandaza barua kwenye benchi. Wazee wakasogea, wakainama, na palepale, bila mwalimu, Wagogo wote wakaanza kusoma.

"Hili langu," alisema mzee wa masikio marefu. "Pembetatu na kijikato chini."

"Ala!" alisema mtu wa Miyuji. "Pembetatu na kijikato chini? Hao mbona nawaona kila siku zizini kwa Chilongani? Saba!"

"Ndiyo. Wangu hao. Nimemkabidhi."

"Chilongani alisema karithi kwa mama yake!"

"Na mikato hii miwili mirefu je? Si ya wale weusi watano?"

"Wale wa kwangu," sauti ikajibu kutoka nyuma.

"Na wewe uliyetia hili la mviringo, si umemlilia mkwe wako juzi kwamba huna hata mbuzi? Ng'ombe wa sikio hili nimewahesabu kumi na sita, vijiji vitatu!"

"Mkwe! Mkwe yuko wapi? Aje asome!"

Kelele zikapanda. Mambo yaliyofichwa tangu enzi za mababu yalikuwa yamelala pale kwenye karatasi moja, meusi, yanasomeka. Zaidi, msomi wa pwani, alitazama barua na asione kitu.

Chilongani alikuwa amefika benchini. Ng'ombe ishirini na sita kati ya thelathini wake walikuwa wamekwisha kupata wenyewe, na jasho lilimtoka. Alitafuta pa kushika. Kidole chake kikapanda juu kabisa.

"Na hili?" alisema kwa sauti kubwa. "Mikato miwili na tundu. La nani hili?"

Wazee wakainama tena juu ya karatasi.

"La mkwe wako mtarajiwa," mzee wa Kigwe alijibu. "La mwenye shauri."

"Nimechunga tangu sijaota meno ya ukubwa. Nimekwenda minada mpaka Singida. Sikio hili sijaliona. Nani kaliona? Watu wa Bahi, mmeliona?"

Watu wa Bahi walikuwa kumi. Walitazamana. Marko alitazama miguu yake.

"Hatujaliona," alisema mmoja, kwa upole, kama anayetoa pole ya msiba.

Matonya alisimama na ngozi yake mgongoni. Aliwahi kuanguka mtoni na mzigo, akapigwa viboko Tabora kwa kosa la mtu mwingine, lakini hakupata kusikia watu mia moja wakimwonea huruma kwa pamoja.

"Wanagombana nini?" aliuliza Bwana Mkubwa.

Zaidi alimweleza, na alipofika katikati kicheko kilimshinda. Bwana Mkubwa hakucheka. Aliitazama barua, akawatazama wazee, akamtazama karani wake.

"Watu hawa wanasoma," akasema. "Haraka kuliko wewe. Chuo cha nini?" Akagonga muhuri juu ya masikio yote. "Shauri limekwisha. Anayetaka shule, shule iko pwani."

Watu walitawanyika mbio, kila mmoja kwenda kuangalia ng'ombe wake. Anyesi alibaki amekaa.

"Kwa hiyo chuo hakuna, Matonya?"

"Hakuna, mama."

"Ile karatasi yangu." Alikuwa anatazama viganja vyake. "Siku ile uliisoma hivi hivi, kama ulivyochora sikio?"

Matonya alivitazama viganja vile na yeye.

"Hivi hivi," akasema.

*

Loisi alikuwa anatwanga. Sila alikuwa anachonga mpini, akajifanya hakumwona baba yake akiingia. Matonya aliitua ngozi chini ya mchi.

"Ng'ombe wako wapi?" aliuliza Loisi.

"Huyu hapa."

"Wengine?"

"Hawakuzaliwa."

Mchi ulisimama hewani. Loisi aliufungua mkunjo kwa kidole cha mguu, mkia ukatokeza. Alipozungumza, sauti yake haikuwa ya kugomba, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mimi niliwapa majina," alisema. "Wote. Huyu mkubwa nilimwita Mwekundu, binti yake Neema. Yule wa nne niliona kama ana miguu dhaifu. Mwaka wa ukame niliwaombea mvua kanisani, Baba Sila. Nilisimama, wakanisikia wote. Niliomba mvua ya Bahi, hapa kwangu nikasahau."

"Mama Sila…"

"Ninyamazie. Nina kumi wa kuzika."

Akaendelea kutwanga. Matonya alikaa kwenye kizingiti, maana ndani hakukaribishwa na nje hakukuwa na msafara wa kuondoka nao.

Chilongani alifika jua likiwa bado kali, Yudith nyuma yake na kikapu. Hakusubiri mbukwa.

"Wamekuja kuwaona ng'ombe wao," Chilongani alisema. "Wengine wamewaona, wakaondoka nao. Nimebaki na wanne, mmoja kipofu." Akaketi kwenye kizingiti karibu na Matonya, sehemu ilikuwa ndogo, wakabanana. "Unajua mahari yako nilitaka ya nini? Nilisikia mwenye wale saba anataka kuwachukua. Nikasema wanane wa Matonya wataziba pengo, watu wasijue."

"Na mimi nilisema Sila atakuwa karani, mshahara uzibe pengo, watu wasijue."

"Wazee wazima."

"Wazee wazima, mkwe."

"Usiniite mkwe. Sijasema."

Yudith alitua kikapu. "Basi sema, baba. Kiangazi kizima nimekaa nasubiri ng'ombe wasiokuwapo waje wajaze zizi lisilokuwapo. Katika shauri lenu hili, waliokuwa wa kweli ni mimi na Sila tu."

Sila aliacha kuchonga. "Nitakwenda reli," alisema. "Wanachukua watu mpaka Tabora. Nitalipa mmoja mmoja, nikiwaleta kwa miguu uwaone."

Chilongani aliinama akaivuta ngozi. Aliipapasa mgongo, akafika kichwani, akalishika sikio la kushoto kati ya vidole viwili kama anayepima kitambaa.

"Mkato mmoja," alisema. "Wa ukoo wako. Hili nalijua." Akaanza kuikunja. "Namhesabu wa kwanza. Kafa, lakini alikuwapo. Wamebaki saba."

Loisi alipita katikati yao na unga, bila kuwatazama. "Kama mnakula," alisema, "kuleni kabla haijapoa."

*

Sila alifanya kazi ya reli miaka miwili. Alilipa ng'ombe watatu, ndipo vita vikaja, akachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, akarudi na mguu mmoja mfupi. Yudith alikuwa amekwisha kuhamia kwao tangu ng'ombe wa pili. Walizaa watoto wanne, wawili wakabaki.

Anyesi alilipa kodi yake kila mwaka, na kila karatasi alikwenda kusomewa na watu watatu wasiojuana. Alifariki kwa uzee.

Marko alifariki katika njaa iliyokuja na vita, ile ya Mtunya, pamoja na nusu ya watu wa kijiji chake. Ngozi za ng'ombe wa watu zilikutwa zimepangwa ndani kwake, bila moja kupungua.

Zaidi alifungwa, akafunguliwa, akawa karani wa Waingereza.

Chilongani alibaki na ng'ombe wanne, halafu watatu. Hakutajwa tena kuwa tajiri, na waliomfahamu wanasema alinenepa.

Wajerumani walipoondoka walichoma karatasi za boma. Barua ilikuwamo. Chuo kilikuja kujengwa miaka mingi baadaye na watu wengine, mahali pengine.

Loisi hakuacha kanisa. Akiulizwa habari za ng'ombe, alijibu kwamba walikufa wote siku moja.

Matonya hakusafiri tena. Alijifunza N na O kwa mtoto wa Sila, akachoka. Mwaka wa pili wa reli, kabla ya vita, Sila alinunua mtamba mmoja nje ya mahari, akamleta Miyuji, akamuuliza baba yake amkate sikio vipi. Mzee alitazama kilima. Sila akachukua kisu mwenyewe, akatia mikato miwili, mmoja juu na mmoja chini, na tundu katikati. Askari walimchukua mtamba yule mwaka uliofuata.